Osha nje tu

Mama wa Musonoi, dada unayeosha madini mtoni, sikiliza. Uke usiuoshe ndani. Si kwa sabuni, si kwa chumvi, si kwa ndimu, si kwa dawa za majani. Uke hujisafisha wenyewe. Ukiuosha ndani, unaondoa kinga yake na magonjwa yanapata njia. Osha nje tu, kwa maji safi. Ya mto Musonoi yamechafuliwa na migodi; usiyatumie.

Unawashwa? Unatokwa uchafu wenye harufu? Tumbo la chini linauma? Si aibu, wala hukurogwa. Nenda kituo cha afya. Mwenye mimba asingoje hata kidogo. Muuguzi akisema ni ugonjwa wa zinaa, mume naye atibiwe. Mpaka mmalize dawa wote wawili, msikutane kimwili.