Mzee wa Baraza na Juri: Maoni au Kura?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ujiji)



Tuliombwa kunena juu ya juri, yaani watu wa kawaida wanaoketi mahakamani na kuamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Yamkini wengine wenu mtasema: juri ni jambo la Waingereza na Wamarekani, latuhusu nini sisi wa Kigoma na Ujiji? Ni kweli, nchi hii haikupata kuwa na juri. Illa ilikuwa na mzee wa baraza, naye alikaa karibu mno na mahali ambapo mtu wa juri angekaa. Tofauti yao ni kwamba huyu alipewa kura, na yule akapewa maoni. Tofauti hiyo ndiyo tunayotaka kuipima leo, maana iligusa roho za watu.

Kwanza yatupasa tujue nguvu ya juri ilitoka wapi. Katika mwaka wa 1670, mjini London, William Penn na William Mead, watu wa dhehebu la Quaker, walishtakiwa kwa kukusanya watu barabarani na kuwahubiria. Watu kumi na wawili wa juri walihimizwa na mahakimu wawatie hatiani. Wakakataa. Wakafungiwa bila chakula, bila maji na bila moto, wakatoka na neno lao lile lile. Mwisho wakatozwa faini. Na mmoja wao, jina lake Edward Bushell, akakataa kulipa akatiwa gerezani. Shauri lake likafika kwa Jaji Vaughan, naye akamfungua, akasema kwamba mtu wa juri haadhibiwi kwa ajili ya uamuzi wake. Tangu hapo juri ya Kiingereza ilikuwa na uwezo usioandikwa katika kitabu chochote cha sheria: yaweza kuona kwamba tendo limetendeka, na kwamba sheria yalikataza, na bado ikatamka "hana hatia", kwa kuwa yaiona sheria ile ni dhuluma, au adhabu yake imepita kiasi. Wala hapana wa kuiuliza sababu.

Habari hii hupendeza masikioni. Walakini nguvu ile ile ilivuka bahari ikafika kwa jirani zetu wa Kenya, na huko sura yake ikawa nyingine. Mzungu wa Kenya akishtakiwa kosa kubwa alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika alihukumiwa na jaji pamoja na wazee wa baraza. Katika mwaka wa 1923 kijana aliyeitwa Kitosh, mtumishi katika shamba karibu na Molo, alichapwa na bwana wake kwa kuwa alimpanda farasi jike badala ya kumwongoza kwa miguu. Akafungwa kamba akatiwa ghalani, na usiku ule akafa. Mbele ya juri mjini Nakuru ikanenwa kwamba marehemu mwenyewe alitaka kufa, na kwamba ndiyo sababu akafa. Juri haikuona mauaji; iliona madhara makubwa tu, na yule bwana akapewa kifungo cha miaka miwili. Karen Blixen, aliyekuwa na shamba la kahawa huko Kenya, aliieleza habari hii katika kitabu chake cha 1937, na hata leo mtu akiisoma hukiweka kitabu chini kwanza.

Marekani kadhalika. Katika mwaka wa 1955, huko Mississippi, watu wawili weupe walishtakiwa kwa kumwua Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka kumi na minne. Juri ya wanaume weupe watupu ikawaachilia baada ya saa moja na dakika chache. Mwaka uliofuata wakaungama katika gazeti kwamba ndio waliomwua, wala hawakuweza kushtakiwa tena kwa mauaji yale.

Basi mtu akituuliza kama ni vema watu wa kawaida waweze kuiweka sheria kando, hatuna budi kumwuliza kwanza ni nani walioketi katika viti vile. Juri ya London ilimwokoa mnyonge kwa kuwa walioketi waliweza kujiona katika nafasi yake. Juri ya Nakuru ilijiona katika nafasi ya mwenye kiboko.

Sasa tugeuke kwetu. Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliiweka Mahakama Kuu kwa amri ya mwaka wa 1920, wala hawakuleta juri, hata kwa Wazungu. Jaji aliketi na wazee wa baraza. Kesi ikiisha kusikilizwa, kila mzee alitakiwa kusema kwa kinywa chake aonavyo, kisha jaji akahukumu. Sheria ikasema wazi kwamba jaji hafungwi na maoni ya wazee. (Mabaraza ya machifu yalikuwa na njia yake, sheria ya 1929 iliyatoa mkononi mwa Mahakama Kuu, na rufani zikawa zaenda kwa Bwana Shauri. Hayo yataka hotuba ya peke yake.)

Hapa pana jambo ambalo watu wa mwambao wa ziwa hili wangeliona geni. Ndugu zetu wa Urundi walikuwa na bashingantahe, wazee waliosimikwa mbele ya watu na kupewa fimbo, nao waliipiga fimbo ile chini wakati wa kuamua. Neno lao lilikuwa hukumu. Mzee wa baraza katika korti ya Serikali alitakiwa busara ile ile, ila fimbo ilibaki kwa jaji.

Je, maoni yasiyomfunga jaji yana faida gani? Tuseme mfano. Shahidi aapa kwamba alimtambua mshtakiwa ufukweni Kibirizi kwa mwanga wa mbalamwezi, mwezi ukiwa mpevu, na kwamba mitumbwi yote ya dagaa ilikuwa imetoka na karabai zake. Jaji aliyetoka Tabora kwa kikao, kama ilivyokuwa kabla ya Kigoma kupata Mahakama Kuu yake, aweza kuandika maneno hayo asione kasoro. Mzee wa Ujiji atatikisa kichwa mara moja: dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa taa haiwavuti samaki mwezi ukiwa mpevu, na wavuvi hupumzika siku hizo. Mzee huyo hakusoma sheria, walakini amejua kwamba shahidi ama amekosea usiku ama asema uongo. Ukimwondoa yeye, nani atalisema neno hilo?

Tusimsifu mno, lakini. Mzee wa mjini Ujiji, mwenye Kiswahili safi na kanzu safi, si lazima ayajue mambo ya Muha wa milima ya Kasulu kuliko ayajuavyo jaji. Na siku nyingi zilizopita yote aliyosema yalipita kwa mkalimani, yakaandikwa kwa Kiingereza kwa mkono wa mtu mwingine. Sisi wa kalamu twajua sentensi tano huweza kufika kitabuni zikiwa tatu.

Neno gumu zaidi ni lile la uchawi. Mara nyingi mtu aliua kwa kuamini kweli kwamba aliyemwua alikuwa mchawi, na mzee wa baraza aliyekua katika imani hiyo hiyo aliweza kumhurumia. Angalikuwa na kura kama juri, watu wangapi wangaliachiliwa, na vikongwe wangapi wangalikosa ulinzi wa sheria? Katika mwaka wa 1941 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika kesi iliyotoka Uganda, ilipata njia ya katikati: waliomwua mtu waliyemkuta usiku katika tendo ambalo kwa kweli waliliamini kuwa la uchawi walihesabiwa kuwa walichokozwa ghafula, na kosa likashushwa kutoka mauaji ya kukusudia. Twaona mahakama ilifanya vema. Iliisikia imani ya watu, wala haikuiachia kuwa sheria.

Baada ya uhuru likatokea jambo la kustaajabisha. Katika Mahakama ya Mwanzo mzee alipewa kura kamili: Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 iliandika kwamba hakimu na wazee wakitofautiana, hata juu ya hatia na adhabu, wengi washinde. Wazee wawili waliweza kumshinda hakimu. Lakini Mahakama ya Mwanzo haisikilizi kesi ya mauaji. Basi kwa kuku aliyeibiwa mzee alikuwa na kura, na kwa roho ya mtu alikuwa na maoni tu.

Hata hivyo maoni hayo yalilindwa kwa ukali. Katika mwaka wa 1982 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kwamba wazee wakipotoshwa katika jambo la msingi, kesi haihesabiwi kuwa imesikilizwa kwa msaada wao. Baadaye kesi nyingi za mauaji zilitanguliwa kwa sababu jaji hakuwaeleza wazee sawasawa, au kwa sababu wazee walimhoji shahidi kama mawakili badala ya kuuliza ili waelewe. Kesi ikaanza upya. Mashahidi wengine wamekwisha kufa, na mshtakiwa yungali rumande. Hatuwezi kuwalaumu waliochoka na hayo. Kenya iliwaondoa wazee wa baraza katika mwaka wa 2007, na kwetu sheria ya mwaka wa 2022 iliondoa ulazima wa jaji wa Mahakama Kuu kuketi nao.

Walakini tazameni mwaka uliotangulia. Katika mwaka wa 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama. Kwa karibu miaka mia mzee aliketi akisikiliza kesi iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Na ilipofika siku ya kuifuata kesi neno kwa neno, mwaka mmoja ukapita, kiti chake kikawa si cha lazima. Dawa ya wazee kutoelezwa vema ilikuwa kuwaeleza vema, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuifungua njia hiyo.

Hatuombi juri ya kumi na wawili, wala hatuombi mzee apewe kura juu ya roho ya mtu; habari za Nakuru zatutosha. Twaomba wanachama wajadili leo mambo mawili: kwamba katika kesi za mauaji mzee aitwe tena kwa lazima, naye atoke katika kata yalikotendeka mambo; na kwamba maoni yake yaandikwe kama alivyoyasema, kisha asomewe yeye mwenyewe kabla ya jaji kuhukumu. Hili la pili ni kazi ya karani kabla halijawa kazi ya mtu mwingine yeyote. Bwana Rais, wenye maswali wapewe nafasi.