Kuitafuta Cheche Iliyopotea



Kuanzia mwaka 1973 Ujerumani Magharibi ilitoa magari 1,672 tu ya aina ya BMW 2002 Turbo. Mtu anayelifufua gari kama hilo, lililolala miaka mingi, hushawishika kununua koili mpya, plagi mpya na hata distribyuta. Huko ni kutupa fedha kabla ya kuujua ugonjwa.

Fundi mwenye busara huanzia kwenye betri, akaufuata umeme hatua kwa hatua, kama mkaguzi afuatavyo stakabadhi. Hufunga taa ndogo ya volti 12 kati ya bodi na upande wa koili uendao kwenye distribyuta, kisha huizungusha injini kwa stata. Taa ikimweka-mweka, vijiuma vinavyokata umeme ndani ya distribyuta vinafanya kazi. Ikiwaka bila kuzimika, havigusani. Mara nyingi vimeota kutu, na tupa laini hutosha. Isipowaka kabisa, ama umeme haufiki kwenye koili, ama vijiuma havifunguki.

Cheche ikipatikana, kazi haijaisha. Turbo huishindilia hewa ndani ya silinda, na cheche hupata taabu kuruka katika hewa iliyobanwa. Ile iliyong'aa nje yaweza kufa ndani gari lipandapo mlima. Baya zaidi ni cheche kuwahi mno: injini hugonga, na pistoni huweza kutoboka. Kwa gari adimu, hasara hiyo hupita bei ya koili na plagi zote. Ndiyo maana wakati wa cheche hupimwa kwa taa yake maalumu kabla gari halijatoka gereji.