Kiswahili Ndani ya Jaribio la Kiingereza: Upimaji wa Sarufi na Ufahamu kwa Wanaojifunza Lugha






1.0 Utangulizi

Huenda baadhi yenu mnajiuliza ni kwa nini mhadhara wa taaluma za Kiswahili uhusu jaribio la Kiingereza. Sababu ni kwamba, hapa Tanzania, mtahiniwa anayelifanya jaribio hilo kwa kawaida amesomeshwa kwa Kiswahili. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, ilhali shule za sekondari zimeendelea kufundisha kwa Kiingereza. Kwa hiyo Kiingereza si somo moja tu miongoni mwa masomo. Ni kizingiti ambacho mwanafunzi hana budi kukivuka kabla hajaifikia kemia, jiografia au historia. Jaribio likipima vibaya, mwanafunzi ndiye anayelipa gharama ya kosa la mtungaji.

Hoja yangu ni kuwa jaribio la sarufi na ufahamu haliwezi kuwa halali iwapo mtungaji wake haijui lugha ambayo mtahiniwa anaitumia kufikiri. Naomba tutofautishe uhalali na uthabiti. Jaribio ni thabiti likitoa matokeo yale yale kila linaporudiwa. Ni halali likipima kile linachodai kukipima. Mizani iliyoharibika huweza kutoa uzito ule ule kila siku na bado ikawapunja wateja.

2.0 Sarufi: kosa lenye mantiki

Tuchukue swali la ngazi ya awali. Mtahiniwa anaonyeshwa picha ya mtoto aliye usingizini kitandani, kisha anatakiwa achague kati ya "He is sleeping" na "He has slept". Jibu linalotarajiwa ni la kwanza. Hata hivyo, mzungumzaji wa Kiswahili ana sababu nzuri ya kuvutwa na la pili. Kwa Kiswahili, mtoto huyo amelala. Kiambishi -me- hapa hakielezi tendo lililokwisha na kupita, bali hali iliyotokana na tendo na ambayo bado ipo. Ndivyo ilivyo pia katika amesimama, ameketi, amevaa na amechoka. Anayesema "analala" huku akiitazama picha hiyo huweza kueleweka kuwa mtoto ndiyo kwanza anajilaza, au kwamba hapo ndipo alalapo siku zote.

Msahihishaji asiyelijua jambo hili ataandika kuwa mwanafunzi hajui njeo. Anayelijua ataona kwamba mwanafunzi amehamisha kwa uaminifu kanuni ya lugha moja kuipeleka katika nyingine. Alama inayopotea ni ile ile, lakini tiba ni tofauti: wa kwanza ataagiza mazoezi zaidi ya kukariri, wa pili ataifundisha tofauti yenyewe.

Mifano mingine ni mingi. Kiambishi cha nafsi a- katika "anapika" hakibagui mume na mke. Si ajabu basi mwanafunzi akamwita mama yake "he". Vilevile, aliyezoea kusema "mama anapika" ataandika "Mother she is cooking", kwa kuwa katika lugha yake kitenzi hakikamiliki bila kiambishi cha kiima. Tena tuangalie maneno madogo "a" na "the". Husemwa kwamba Kiswahili hakina njia ya kuonyesha kitu kinachojulikana na kisichojulikana. Si kweli. Tunaposema "nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu", kiambishi cha yambwa -ki- hutuelekeza kwenye kitabu ambacho msikilizaji anakitambua. Mwanafunzi wetu analo wazo hilo. Amezoea kulikuta ndani ya kitenzi, si mbele ya nomino.

Hatimaye kuna jibu la swali kanushi. Ukimwuliza mtu, "Hukuja jana?", naye kweli hakuja, atakujibu, "Ndiyo, sikuja", akiikubali kauli yako. Kiingereza hudai "No". Mtahiniwa anayekosa hapa huenda ameielewa habari yote barabara, na kosa lake likahesabiwa kuwa ni la ufahamu.

3.0 Ufahamu: kujibu bila kuelewa

Ikiwa sarufi huweza kumdhulumu anayejua, maswali ya ufahamu mara nyingi humpendelea asiyejua. Sikilizeni sentensi hii niliyoibuni: "Kibungwasi alivumpa matelengo mawili karibu na sukundo." Sasa jibuni. Nani alivumpa matelengo? Alivumpa matelengo mangapi? Aliyavumpa karibu na nini? Nyote mmepata alama tatu kati ya tatu, wala hakuna hata mmoja wenu aliyeelewa lolote. Viambishi na mpangilio wa maneno vimetosha kuwapa majibu.

Hivyo ndivyo mwanafunzi anavyoweza kuifaulu sehemu ya ufahamu kwa Kiingereza: huliokota neno moja katika swali, hulitafuta katika kifungu, kisha hunakili sentensi inayolizunguka. Maswali yanayopima ufahamu kwa hakika ni yale yanayomtaka aunganishe taarifa za sentensi mbili, aeleze kiwakilishi kinamrejelea nani, au atambue jambo ambalo mwandishi amelidokeza bila kulitaja.

4.0 Jaribio la mapengo

Mwaka 1953 Wilson Taylor, nchini Marekani, alipendekeza mbinu ya kufuta maneno katika kifungu kwa nafasi zilizo sawa, kwa mfano kila neno la tano, na kumtaka msomaji ayarudishe. Mbinu hii ilienea sana katika upimaji wa lugha. Inafaa, lakini isihamishwe kibubusa. Katika Kiingereza, pengo mara nyingi huangukia neno dogo la kisarufi. Katika Kiswahili, neno moja kama "nisingalimwambia" hubeba nafsi, ukanushi, sharti na yambwa kwa pamoja. Likifutwa, kinapotea karibu kishazi kizima. Kwa upande mwingine, upatanisho wa kisarufi huweza kulifichua jibu: katika "____ viwili vimevunjika", ngeli imekwisha kujulikana. Wanaowapima wageni wanaojifunza Kiswahili walizingatie hili.

5.0 Mapendekezo

Kwanza, kila jibu lisilo sahihi katika swali la kuchagua liwe na kazi. Litokane na kosa linalotabirika, ili chaguo la mwanafunzi limweleze mwalimu kitu.

Pili, matokeo yachunguzwe swali kwa swali. Swali ambalo wanafunzi hodari hulikosa na wanyonge hulipata lina kasoro, na liondolewe.

Tatu, baadhi ya maswali ya ufahamu wa kifungu cha Kiingereza yaulizwe na kujibiwa kwa Kiswahili. Najua pingamizi litakalotolewa: kwamba hatua hiyo itadhoofisha Kiingereza. Lakini kusoma ni stadi moja na kuandika ni nyingine. Kuandika kupimwe katika sehemu yake. Tusimnyime mtu alama za kusoma kwa sababu ya kalamu yake. Aidha, tukumbuke kuwa kwa watoto wengi Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili, hivyo nacho kitumike kwa ufasaha mwepesi.

6.0 Hitimisho

Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd waliwasilisha ripoti yao kuhusu ufundishaji wa Kiingereza na matumizi yake kama lugha ya kufundishia nchini Tanzania. Walipima, na wakaona kuwa kiwango cha wanafunzi wa sekondari hakikutosha kabisa kujifunzia masomo mengine. Hata hivyo, walipendekeza Kiingereza kiendelee kutumika. Hapo pana funzo: jaribio hutoa kipimo, halitoi uamuzi. Uamuzi ni wa watu, na hutegemea pia wanavyoitazama lugha ya mtoto, kama kikwazo au kama maarifa aliyonayo tayari.

Nanyi wanafunzi wa isimu ya Kiswahili, msidhani kuwa chumba cha kutungia mitihani ya Kiingereza hakiwahusu. Uchambuzi wenu wa -me-, wa yambwa na wa upatanisho unahitajika humo. Asipokuwamo mtu wa kuueleza, mtoto aliyesema kweli kwamba mwenzake amelala ataendelea kuandikiwa kosa, wala hataambiwa ni kwa nini.