Tangu Tupande Baiskeli

Sisi ni watu wa Busia, mahali boda boda za baiskeli zilianza kuvusha watu mpakani miaka ya 1960. Lakini tukiwa ndani ya matatu, mwenye baiskeli tulimwona kama mbuzi tu: apigiwe honi, atoke njiani.

Kisha kikundi kikanunua Black Mamba ya kupeleka maziwa. Wiki ya kwanza lori likatusukuma mtaroni, lita 20 zote zikamwagika. Kumbe! Sasa tunamwona yule wa makaa, magunia mawili nyuma, na tunajua akiteremka breki ni viatu vyake. Jioni tunatambua nani hana taa. Hata tusiowajua tunapigiana kengele.

Juzi tukiwa kwa matatu, dereva akambana mzee mmoja wa baiskeli. Tukapaza sauti sote: "Mpe nafasi!" Makanga akatugeukia: "Kwani huyo ni babu yenu?"