Grisi Iliyookoa Meli



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya meli ya Ziwa Tanganyika iitwayo Liemba. Wengi wenu wa Kigoma, Katavi na Rukwa mmekwisha kuipanda. Lakini je, mnajua kwamba meli hii ilipata kuzamishwa makusudi? Tena waliofanya hivyo ni wenyewe walioileta.

Haya, tuanze mwanzo. Meli hii ilitengenezwa Ujerumani, katika mji wa Papenburg, mwaka 1913. Wakati huo Wajerumani walikuwa wakiitawala nchi yetu. Meli ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha 5,000. Makasha hayo yakavuka bahari mpaka Dar es Salaam, kisha yakapanda reli kwenda Kigoma. Huko mafundi wa Kijerumani, mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika wakaviunga vipande tena. Tarehe 5 Februari 1915 meli ikashushwa ziwani. Ilikuwa na urefu wa mita 71 hivi. Wajerumani wakaiita Graf von Götzen, jina la mtu aliyekuwa gavana wao.

Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kuanza. Basi meli ikafungwa mizinga. Ikawa meli ya vita, ikachukua askari huku na huko ziwani.

Mwaka 1916 mambo yaligeuka. Wabelgiji na Waingereza walikuwa wanakaribia. Wajerumani wakaona Kigoma itawatoka. Sasa meli waifanyeje? Wakiiacha, adui ataichukua. Wakiivunja, hawataipata tena siku wakirudi. Wakaamua kuizamisha.

Lakini sikilizeni walivyofanya. Kwanza mafundi walipaka injini grisi nzito, kila mahali. Ndipo wakajaza mchanga ndani ya meli. Tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha taratibu, karibu na mdomo wa mto Malagarasi.

Wajerumani walishindwa vita, wala hawakurudi kuichukua. Wabelgiji ndio waliojaribu kwanza kuiopoa. Waliiinua, wakaivuta mpaka Kigoma. Lakini mwaka 1920 dhoruba ikaizamisha tena. Baadaye Waingereza nao wakajaribu. Tarehe 16 Machi 1924 meli ikatoka majini.

Loo! Mafundi walipofungua injini, wakazikuta bado zafaa. Na maboila pia. Miaka karibu minane ilikuwa imepita, lakini grisi ilikuwa imezuia kutu. Wakaitengeneza, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi tena. Wakaipa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa hili upande wa kusini.

Tangu hapo haikubeba vita tena. Ilibeba abiria, mahindi na dagaa, kutoka Kigoma mpaka Kasanga, na hata Mpulungu kule Zambia. Injini zake za mvuke zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970, ndipo zikawekwa za dizeli. Mwaka 2015 iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga na kuwafikisha Kigoma.

Ndugu zetu, sisi tunajifunza nini? Wale mafundi walikuwa wanakimbia. Adui yuko karibu. Hata hivyo walipata nafasi ya kupaka grisi. Na sisi ambao hatukimbizwi na mtu, je? Tumeona pampu za maji zikifa vijijini kwa kukosa grisi ya shilingi chache. Tumeona mashine za kusaga zikiliwa na kutu, na akina mama wakirudi kutwanga. Tunasema, "Mashine ya kijiji, si yangu." Kumbe maji ni yako, na unga ni wako.

Basi tukitoka hapa, kila mmoja akaangalie. Pampu yetu ilipakwa grisi lini? Nani ana zamu? Tuandike tarehe na jina lake ukutani, maana sasa kusoma na kuandika tunajua.