Baada ya Kengele ya Mwisho: Vyama vya Wanafunzi na Malezi ya Haki

(Mada iliyotolewa kwa wazazi na viongozi walei, Mhunze)



Tumeombwa kuzungumza juu ya vyama vya wanafunzi katika shule zetu za sekondari. Huenda wapo kati yenu wanaojiuliza: Tume ya Haki na Amani inahusikaje na midahalo, kwaya, mpira na klabu za kupanda miti? Tunajibu kwamba inahusika sana. Mtoto huielewa haki kwa kuitenda. Na ni baada ya kengele ya mwisho ya darasani ndipo anapopata nafasi ya kuitenda: kuchagua kiongozi, kutunza fedha ya wenzake, kusikiliza hoja asiyoipenda, na kushindwa bila kinyongo.

Jambo hili si geni hapa Usukumani. Zamani vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao, wakilima kwa pamoja chini ya nsumba ntale, kiongozi wao wenyewe. Baada ya mavuno, Bagika na Bagalu walishindana kwa ngoma, kila upande ukijitahidi kuvuta watazamaji wengi zaidi. Mwalimu Nyerere naye, alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iwe jumuiya ambamo wanafunzi hufanya kazi na kushiriki katika maamuzi. Klabu za leo, ziwe za Skauti, za mazingira, za wapinga rushwa au za YCS, zimeota katika udongo huo.

YCS hutumia njia ya Ona, Amua, Tenda, iliyotokana na Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji na kutajwa na Papa Yohane XXIII katika waraka wake wa mwaka 1961, Mater et Magistra. Nasi tuifuate njia hiyo.

Tuone. Kwanza, katika shule nyingi saa za vyama humezwa na masomo ya ziada kwa ajili ya mitihani. Pili, wasichana wengi hawashiriki. Kengele ikilia, mvulana hubaki uwanjani. Dada yake hukimbilia nyumbani kuchota maji, kutafuta kuni na kupika. Klabu ikichagua viongozi, mvulana huwa mwenyekiti, na msichana, akiwapo, hupewa kuandika. Tatu, midahalo huzunguka mambo yasiyomgusa mtu. Mwezi Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, katika wilaya yetu hii, ulipobomoka, tope liliingia katika mashamba na makazi ya watu. Je, ipo mada inayowafaa zaidi wanafunzi wa Kishapu kuliko hiyo?

Tuamue. Mwaka 2010, utafiti wa taifa wa afya ulionyesha kwamba katika mkoa wa Shinyanga, kwa mipaka yake ya wakati ule, takribani wanawake 59 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria imejaribu kusaidia. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu iliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba. Mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, iliona kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Lakini sheria iko mbali na boma. Aliye karibu ni mwanafunzi mwenzake.

Tunamkumbuka binti mmoja ambaye hatutamtaja. Alikuwa msemaji katika klabu ya midahalo. Siku tatu hakuonekana. Wenzake wa klabu wakamwambia mwalimu mlezi, naye akamwambia katekista. Tulipofika nyumbani, mazungumzo ya ng'ombe yalikuwa yamekwisha kuanza. Binti alipiga magoti, akamsalimu baba yake kwa heshima, kisha akaeleza kwa nini anataka kumaliza shule. Baba akatugeukia, akauliza: "Nani amemfundisha huyu kusema mbele ya wazee?" Tulinyamaza kidogo, kisha tukakiri kuwa ni sisi. Mzee alifikiri kwa muda mrefu, akasema walau amesema bila kutukana. Binti alirudi shuleni. Mwaka huohuo msichana mwingine aliondoka. Hakuwa katika klabu yoyote, na sisi tulipata habari ndoa ikiwa imekwisha kufungwa.

Hatusemi kwamba klabu hushinda umaskini. Tunasema kwamba huwapa watoto sauti, na huwapa watu wa kuuliza wako wapi.

Basi tutende. Wazazi, tugawanye kazi za nyumbani kati ya wavulana na wasichana, ili walau siku moja kwa juma binti abaki shuleni. Wajumbe wa bodi za shule, tuombe saa ya vyama ilindwe katika ratiba. Walezi wa klabu, tuhakikishe uongozi unapokezana, na hesabu zinasomwa mbele ya wanachama wote. Viongozi wa jumuiya, tuwaalike vijana watueleze walichojadili, na tuwasikilize hadi mwisho hata wakitugusa wenyewe. Na binti aliyeacha masomo kwa ujauzito asifichwe nyumbani. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu arudi shuleni.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Katika jumuiya yetu, ni wasichana wangapi walio sekondari, na wangapi kati yao wamo katika klabu?
2. Asipoonekana shuleni kwa siku tatu, nani kati yetu atajua?
3. Mtoto akitukosoa kwa heshima, sisi humjibu nini?