Ndege zije, lakini fidia kwanza: hotuba kwa vijana wa Mpui

 

Wapo wanaosema sisi tunapinga maendeleo. Nani kawaambia? Uwanja wa ndege wa Sumbawanga ukipanuliwa, mgonjwa wa Rukwa atawahi Dar. Hilo tunalitaka. Tunachopinga ni mtu kupimiwa eneo lake leo, halafu anaambiwa asubiri, asubiri, asubiri.

Tazameni Kipunguni, Dar es Salaam. Walifanyiwa tathmini mwaka 1997 kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege. Wapo waliosubiri malipo zaidi ya miaka 20! Mtoto aliyezaliwa siku ya tathmini amekua, ameoa, baba bado anafuatilia hela.

Sasa sikilizeni. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Haraka ni lini? Sheria ya Uthamini ya 2016 inajibu: miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe. Ikizidi hapo, unadai na riba. Ikipita miaka 2, tathmini hiyo imekufa, inafanywa upya.

Hapa Mpui shamba ndiyo benki yetu. Leo ni uwanja wa ndege mjini, kesho ni mradi mwingine huku kwetu. Kwa hiyo kijana, mthamini akija, uwepo. Piga picha. Msomee mzee fomu kabla hajasaini. Dai nakala, andika tarehe, anza kuhesabu miezi.

Anayejua tarehe yake hadanganywi.